Mashine ya Kumwona Mtoto Tumboni, na Safari ya Wanaoitengeneza

(Muziki wa kipindi. Muziki unapungua.)

Kama una chungu jikoni, punguza moto kidogo tuzungumze. Kama unamnyonyesha mtoto, endelea kumnyonyesha. Tunachohitaji ni sikio lako tu.

Leo naanza na swali nililoulizwa hapa hapa Muyeye. Mama mmoja alikuwa ametoka kliniki, mimba yake ina miezi mitano, na mkononi ameshika karatasi yenye picha ya altrasaundi. Alikuwa na binti yake wa Gredi ya 9. Binti akaitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, hii mashine inaonaje ndani bila kupasua?" Mama akacheka, maana hakuwa na jibu.

Jioni yake binti akaeleza kuwa shuleni wametakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu. Yeye anataka sayansi, ili siku moja atengeneze mashine kama ile. Baba yake akasema hayo ni masomo ya wavulana, tena ni marefu, msichana atazeekea darasani. Ndipo mama akanijia. Akaniambia, "Sista, nimjibu nini mtoto? Hiyo kazi ipo kweli, au ni ndoto tu?"

Mama msikilizaji, swali hili linawahusu wazazi wengi, kwa hivyo tulijibu pamoja. Tutaanza na mashine yenyewe, tufuate watu walioibuni, kisha tuone njia ya masomo anayopita mtafiti wa altrasaundi. Mwisho tutaona yale ambayo wewe mwenye mimba unapaswa kuyafanya sasa hivi.

Kwanza, mashine inaonaje?

Waulize wavuvi wetu. Zamani nahodha alitupa bildi baharini, kamba yenye risasi mwishoni, apate kujua kina cha maji. Siku hizi boti nyingine zina mtambo unaotuma sauti chini ya maji. Sauti hugonga mwamba au kundi la samaki, ikarudi. Mtambo huhesabu muda uliopita tangu sauti ilipotoka hadi iliporudi, ukajua kitu kiko umbali gani. Pomboo wa bahari yetu hufanya vivyo hivyo anapowinda.

Altrasaundi ni jambo lile lile. Kile kifaa unachopitishiwa tumboni hutoa sauti nyembamba mno, ambayo sikio la mwanadamu haliwezi kuisikia. Sauti hiyo huingia mwilini, hugonga fuvu la mtoto, moyo wake au kondo la nyuma, kisha hurudi kama mwangwi. Ndani ya mwili sauti husafiri karibu mita 1,540 kwa sekunde. Ukijua mwendo na ukajua muda, unazidisha, kisha unagawanya kwa mbili kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Basi umepata umbali. Hesabu hiyo ni ya darasani, ile ile ambayo mtoto wako huilalamikia jioni. Mashine huifanya mara nyingi sana kwa sekunde moja, ndiyo picha ikatokea.

Na ile jeli ya baridi unayopakwa ni ya nini? Sauti hii haipiti vizuri kwenye hewa. Jeli huziba nafasi ya hewa kati ya kifaa na ngozi yako.

Wako akina mama wanaoogopa kwamba mashine inamchoma mtoto. Hofu hiyo hutokana na kuichanganya na eksirei. Ni kweli kwamba eksirei ina mionzi. Mwaka 1956 daktari mmoja wa Uingereza, mama Alice Stewart, alitoa matokeo ya kwanza yaliyoonyesha kuwa watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa waja wazito walipata saratani zaidi kuliko wenzao. Altrasaundi haina mionzi hiyo. Ni sauti. Imetumika kwa miaka mingi, na haijathibitika kumdhuru mtoto inapotumiwa na mtu aliyefunzwa, kwa sababu ya kitabibu.

Sasa, nani waliibuni?

Mama msikilizaji, mashine hii haikutokana na mtu mmoja. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kuwa mawe fulani ya kioo yakibanwa hutoa umeme. Ugunduzi huo ndio msingi wa kifaa kinachotoa na kupokea ile sauti. Kisha mwaka 1953 mjini Lund, Sweden, daktari wa moyo Inge Edler na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz waliazima mtambo wa kiwandani wakaitazama mapigo ya moyo.

Lakini upande wa akina mama tunakwenda Glasgow, Scotland, mji wa viwanda vya meli. Hapo palikuwa na Profesa Ian Donald, daktari wa uzazi aliyekuwa ametumika katika jeshi la anga wakati wa vita vya pili vya dunia. Alijua kwamba viwandani kulikuwa na mtambo wa sauti wa kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akajiuliza, kama unaona ufa ndani ya chuma, kwa nini usione uvimbe ndani ya tumbo? Mwaka 1955 alipakia kwenye gari uvimbe uliokuwa umetolewa kwa wagonjwa, akaupeleka kiwandani ukapimwe. Alichukua na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Akaona tofauti.

Mtambo wake wa kwanza hospitalini ulikuwa dhaifu. Mwaka 1956 mhandisi kijana wa miaka 23, Tom Brown, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza vipimo, alisikia kuna profesa anayehangaika na mtambo wa kupimia chuma. Hakungoja kuitwa. Alipiga simu nyumbani kwa profesa akaomba aje kuona. Tangu siku hiyo daktari na mhandisi walifanya kazi pamoja. Daktari alijua mwili wa mama, mhandisi alijua sauti na umeme. Mmoja peke yake asingefika.

Palikuwa na mama mmoja ambaye madaktari walikuwa wamemkatia tamaa. Walidhani ana saratani isiyoweza kupasuliwa. Altrasaundi ikaonyesha tofauti: ulikuwa mfuko wa maji kwenye ovari. Akafanyiwa upasuaji, ukatolewa, akapona. Tarehe 7 Juni 1958, Donald, mwenzake daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha kazi yao katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Hapo ndipo madaktari wengi duniani walianza kusikiliza.

Utafiti haukusimama hapo. Mwaka 1963 Donald aligundua kuwa kibofu kilichojaa mkojo husukuma matumbo kando na kuwa kama dirisha la kuonea mimba changa. Ndiyo sababu mpaka leo, mimba ikiwa changa, unaweza kuambiwa unywe maji usiende haja ndogo. Mwaka 1973, hapo hapo Glasgow, daktari Hugh Robinson alionyesha kwamba ukimpima mtoto mchanga tumboni kutoka utosini hadi matakoni, unaweza kujua umri wa mimba kwa tofauti ya siku chache tu.

Sasa tuje kwenye swali la binti. Mtu anafikaje huko?

Mtafiti wa altrasaundi ni mhandisi wa tiba aliyesoma mpaka juu kabisa. Njia yake ina ngazi, na kila ngazi ina mlango wa kutokea na kazi ya maana.

Ngazi ya kwanza iko nyumbani na shule ya msingi. Mtoto ajifunze hesabu bila woga, na azoee kuuliza. Yule binti aliyeuliza "inaonaje" tayari ameshaanza.

Ngazi ya pili ni sekondari. Katika mtaala mpya kuna mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, ule unaoitwa STEM, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Anayetaka uhandisi achague STEM, akazanie hesabu na fizikia, na asiiache baiolojia kama nafasi ipo.

Ngazi ya tatu ni chuo. Hapa kuna njia mbili. Mtoto anaweza kwenda chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, akasomea stashahada ya uhandisi wa tiba, awe fundi wa mitambo ya hospitali. Au aende chuo kikuu kwa shahada ya uhandisi, ambayo hapa Kenya huchukua miaka mitano. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha uhandisi wa tiba. Kwa jirani zetu Uganda, Makerere na Chuo cha Mbarara pia hufundisha.

Msidharau kazi ya fundi. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo mashine ilikaa miezi imefunikwa kitambaa kwa sababu ya waya mmoja. Akina mama walikuwa wanatumwa mbali, na wengine walirudi nyumbani bila kupimwa. Fundi alipokuja, aliitengeneza kwa asubuhi moja. Siku hiyo nilimwona fundi yule kama mkunga mwenzangu.

Ngazi ya nne ni shahada ya uzamili, miaka miwili hivi. Ya tano ni uzamifu, ambayo humfanya mtu aitwe daktari ingawa si wa kutibu. Hii huchukua miaka mitatu, minne au zaidi. Hapa mwanafunzi huchukua swali moja ambalo halijajibiwa. Labda ni namna ya kupata picha safi kwa mashine ya bei nafuu, au namna ya kupima ugumu wa ini kwa sauti. Hafanyi majaribio kwa watu mara moja. Kwanza hutengeneza mfano wa mwili kwa kitu kama gelatini, hupima, hukosea, hurudia. Akitaka kupima watu, lazima apate kibali cha kamati ya maadili, na hapa Kenya leseni ya NACOSTI. Kila mama anayeshiriki aelezwe kwa lugha anayoielewa, na awe huru kukataa.

Akishamaliza, wengi hufanya kazi miaka michache chini ya mtafiti mkubwa. Kisha huajiriwa kuwa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na wachache hufika uprofesa. Katika safari hiyo huandika makala, wenzake huyakagua, na mengine hukataliwa. Huomba fedha za utafiti, na mara nyingi hunyimwa. Ni kazi ya subira.

Je, ni ya wavulana tu? Hapana. Dkt. June Madete wa Kenya alisomea uzamifu wake Cardiff, kule Wales, akarudi kufundisha uhandisi wa tiba Chuo Kikuu cha Kenyatta. Utafiti wake ni wa mwendo wa viungo, lakini njia aliyopita ndiyo hiyo tuliyoieleza, na ni mwanamke Mkenya.

Je, ni lazima mtoto aende Ulaya ili auone utafiti? Hapana. Hapa kwetu Kilifi, taasisi ya KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust wamekuwa na kituo cha utafiti tangu mwaka 1989. Huwafundisha vijana waliomaliza vyuo na huwa na uhusiano na shule za kaunti yetu. Mwalimu wa sayansi anaweza kuuliza huko kwa niaba ya wanafunzi wake.

Na wewe mama pia una nafasi katika utafiti. Mwaka 2014 ilitoka chati ya dunia ya kupimia ukuaji wa mtoto tumboni. Ilitokana na akina mama 4,321 wenye afya njema kutoka miji ya nchi nane, waliopimwa kwa altrasaundi mara kwa mara. Miongoni mwao walikuwamo akina mama wa Nairobi, na wa Muscat kule Oman. Bila wao kukubali kulala kitandani na kupimwa, wahandisi na madaktari wasingekuwa na chati.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa pana jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Je, mashine peke yake inaokoa maisha?

Watafiti walilijaribu swali hilo katika nchi tano: Kenya, Kongo, Zambia, Pakistan na Guatemala. Walipeleka altrasaundi katika vituo vya afya vya mashambani, wakawafunza wahudumu, na akina mama wakapimwa mara mbili katika mimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Altrasaundi hiyo haikupunguza vifo vya akina mama wala vya watoto wachanga, wala haikuongeza idadi ya akina mama waliojifungulia hospitalini. Watafiti wangeweza kuficha jambo hilo. Hawakulificha, wakaliandika lilivyo. Huo ndio utafiti wa kweli, na tabia hiyo ya kusema kweli ni somo la kwanza la anayetaka kazi hii.

Sisi tunajifunza nini? Picha huonyesha hatari, lakini haiiondoi. Ukiambiwa kondo la nyuma limeziba njia, halafu ukabaki nyumbani kwa kukosa nauli, picha haijakusaidia. Ukiambiwa mtoto amekaa vibaya, na hospitali unayokwenda haina daktari wa kupasua, picha haijakusaidia. Mashine, mhudumu, gari na hospitali ni kama mafiga ya chungu. Figa moja likikosekana, chungu hakikai.

Kwa hivyo mama mwenye mimba, fanya mambo haya.

Moja, anza kliniki mapema. Usingoje tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mama apate altrasaundi moja kabla ya mimba kufikisha wiki 24, yaani kabla ya miezi sita. Ukipimwa katika miezi mitatu ya kwanza, umri wa mimba hukosewa kwa siku chache tu. Ukingoja miezi ya mwisho, makosa yanaweza kufika wiki tatu. Hapo daktari hawezi kujua kwa hakika kama mtoto ni njiti au amepitisha siku zake.

Mbili, uliza mapema gharama ya kipimo kituoni kwako, na kama bima ya SHA inakilipia. Jisajili kabla ya siku ya haja.

Tatu, usitoke chumbani bila kuelezwa. Uliza maswali manne: Mtoto ni mmoja au zaidi? Mimba ina wiki ngapi? Kondo liko wapi? Kuna jambo la kufuatilia? Mvulana au msichana ni swali la mwisho, si la kwanza. Ile karatasi iweke ndani ya kitabu chako cha kliniki, uende nacho siku ya kujifungua.

Nne, picha nzuri isikufanye usahau dalili za hatari. Ukitokwa na damu, ukaumwa kichwa sana, ukaona giza machoni, ukavimba uso na mikono, ukapata homa kali, maji yakapasuka, au mtoto akapunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ulipimwa jana ukaambiwa kila kitu ni kizuri.

Tano, panga usafiri. Hapa Muyeye weka namba ya mwenye tuktuk anayekubali kuja usiku, na akiba ya nauli mahali ambapo wewe na mtu mmoja wa nyumbani mnapajua.

Na yule mama aliyeniuliza? Nilimjibu hivi: "Kazi ipo. Ni ndefu kweli, lakini haina mahali inapomtupa mtoto. Akiishia katikati, atakuwa fundi, na hospitali zetu zinamhitaji fundi kuliko unavyodhani. Akifika mwisho, atakuwa mtafiti. Mwambie baba yake aje nimweleze." Baba alikuja. Hakusema mengi. Aliitazama ile picha, akauliza, "Kwa hivyo ni mwendo mara muda, kisha unagawa kwa mbili?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi hiyo hata mimi nilifundishwa." Fomu ya shule walikwenda kuijaza pamoja.

Mama msikilizaji, leo jioni mtoto wako akikuuliza kitu kinafanyaje kazi, usimwambie aache maswali mengi. Kama hujui jibu, mwambie, "Sijui, twende tukaulize." Na kama una mimba na hujapimwa, kesho asubuhi nenda kliniki.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika mtaa wenu, mama mwenye mimba hupimwa altrasaundi wapi, na anafikaje huko?
2. Ni nini huwazuia akina mama kuanza kliniki mapema?
3. Je, tunawapa wasichana wetu muda wa kusoma hesabu na sayansi sawa na wavulana, au kazi za nyumbani huwala jioni yote?

Mpaka tukutane tena, tunza afya yako na ya mtoto wako. Kwaheri.

(Muziki wa kipindi.)